Asubuhi Niliyomiliki Nyumba ya Chumvi

Nilisoma habari za kifo changu nikiwa nimesimama, tikiti mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Ziliandikwa kwa herufi nyeusi za kupendeza kwenye kibao cheupe, na kibao kilitundikwa juu ya fremu ya kioo katika chumba cha mwisho cha makumbusho: "Likwata Chitanda, mkazi wa Nyangao. Alikabidhiwa nyumba hii mwaka 1966. Alifariki mwaka 1971 baharini, karibu na Sudi. Hakuacha mrithi."

Nikasoma tena. Nikajipapasa kifua. Mapigo yalikuwepo, tena hayakuwa na wasiwasi wowote. Ni kichwa tu ndicho kilichoingia baridi.

"Mzee, unaona vizuri?" aliniuliza Cletus, mtu mzima wa miaka thelathini hivi mwenye tai nyembamba, ambaye kampuni ilimweka atutembeze.

"Naona, mwanangu. Huyu marehemu Likwata, mlimfahamu?"

"Hapana, mzee. Lakini utafiti ulifanyika. Wazee watatu wa hapahapa Kivinje wameapa kwamba walikula wali wa matanga yake."

Ni kweli waliula. Hata mimi niliula, sahani mbili.

Ilikuwa mwaka 1994. Ruksa ilikuwa imeingia kila mahali: ruksa mitumba, ruksa televisheni, ruksa mtu wa Dar es Salaam kuja na mkoba wa ngozi akauliza ufukwe huu ni wa nani. Mimi nilikuwa na miaka minne tangu nistaafu ukarani wa mizani katika ghala moja la korosho mjini Lindi, kazi niliyoipata bila kukanyaga darasa. Kusoma nilijifunza kwenye maandishi ya magunia, halafu kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na ndiyo maana hadi leo nikipewa habari nusu, nusu ya pili naimalizia mwenyewe. Watu husema mimi muongo. Hawanitendei haki. Mimi huongeza tu. Niliwahi kupima gunia lililopanda uzito kila nikigeuka pembeni, na tulipolifungua akatoka chatu aliyekuwa akivuta pumzi na kuzitoa. Hiyo ni kweli tupu. Nilichoongeza ni chatu wa pili.

Basi nilipoambiwa sokoni kwamba nyumba ya Mzee Ismaili Mkwanda kule Kilwa Kivinje imekuwa makumbusho, na kwamba kuna mlinzi, tikiti na maua kwenye mapipa yaliyokatwa, kitu kilinichoma mbavuni. Nani huyo aliyeamka Dar es Salaam na hamu ya kuitazama nyumba ya muuza chumvi? Nikapanda basi. Lilikwama mara nne kabla ya Nangurukuru, na mara ya tano nusura litusukume sisi.

Msinielewe vibaya, Mzee Ismaili alistahili kukumbukwa. Kabla yake, watu wa pwani ile walichemsha maji ya tope vyunguni, kuni za mikoko zikiteketea kutwa nzima kwa chumvi ya kujaza kibaba. Yeye akachimba mabwawa nyuma ya mikoko, akafungulia maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, akaziba, kisha akakaa chini kulisubiri jua. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa tatu malori yalipanga foleni. Akajenga nyumba ya mawe iliyotazama bahari moja kwa moja, dirisha la sebule likiwa pana kupita mlango, ili aone maji yakiingia bila kunyanyuka kitini. Nilimbebea magunia miaka kumi na mmoja kabla sijahamia Lindi. Nilimjua hadi kikohozi chake.

Na kwa kuwa nilimjua, matembezi yale ya makumbusho yalinitia shaka tangu chumba cha kwanza.

Reki za chumvi zilikuwa zimepigwa vanishi hadi zinang'aa kama makabati ya bibi harusi. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda cha samadari kilichozungushiwa kamba nyekundu, "alipolala mwasisi". Mwasisi alilala kwenye kitanda cha ukambaa maisha yake yote, akidai godoro linawafanya watu waseme ndotoni. Chumba cha tatu kikanimaliza. Ukutani palikuwa na picha ya bwana mmoja aliyevaa kilemba, jambia kiunoni, ndevu zimeshuka hadi kifuani.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Mzee Ismaili mwenyewe."

"Ndevu alizitoa wapi? Huyu mtu alinyoa kila alfajiri kwa wembe ulioota kutu, na kamera aliikimbia kama polisi."

Wageni wawili watatu wakacheka. Cletus akanisogelea, akashusha sauti. "Picha ilikuja kutoka Dar, mzee. Mimi naeleza tu."

Hapo nikamwelewa Cletus: hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kazi. Lakini shaka yangu ikaota mizizi. Anayedanganya kuhusu ndevu ana kitu kikubwa zaidi anakipeleka mahali. Najua, kwa sababu ndivyo ninavyofanya mimi: naanza na kidogo, msikilizaji achoke kuuliza.

Kupitia mlango wa nyuma niliona vigingi vipya vimechomekwa mchangani, kamba imepita kutoka kimoja hadi kingine, ikikata ua katikati. Ndani ya ua ule kulikuwa na kanga imeanikwa.

"Hizi kamba?"

"Vyumba vya wageni. Vya kulala. Wageni wakitoka kuangalia magofu Kisiwani, watafikia hapa."

"Na hiyo kanga?"

Cletus akatazama saa yake. "Yupo bibi mmoja. Anahama mwisho wa mwezi."

Kisha akatuingiza chumba cha mwisho, nikasoma kifo changu. Na chini ya kifo, ndani ya kioo, nikauona mwandiko wangu.

*

Sasa lazima niwarudishe nyuma, mwaka 1966, siku tuliyomzika Mzee Ismaili.

Ukoo wangu wa Kimwera na ukoo wake wa Kimatumbi ni watani. Nani alianza, hakuna ajuaye. Tulizikana na kutukanana tangu enzi za mababu. Msiba wa upande mmoja ni kazi ya upande wa pili. Wao wakilia, sisi tunachekesha. Tunavaa nguo za marehemu, tunaiga mwendo wake, tunalala mlangoni jeneza lisipite mpaka tupewe kitu. Tunachukua cha kuchukua, na wenye msiba watakuja kukikomboa kwa kuku au kwa chungu cha togwa. Asiyetaniwa kwenye msiba wake alizikwa kama mgeni.

Siku ile nilivaa kanzu ya Mzee na kukohoa kikohozi chake, nikazunguka uani nikiwauliza waombolezaji kama wamefunga mabwawa. Binti yake Mwahija, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu alfajiri, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe amevunjika mbavu kwa kicheko.

"Wewe Mmwera mla panya," akasema, machozi yanamtoka, "vua kanzu ya baba yangu!"

"Kanzu? Nyie mnaopika maji ya bahari mkaita mboga, mimi nachukua nyumba!"

Na nikaichukua. Wengine huchukua kiti, wengine baiskeli. Mimi nilitaka utani ambao haujawahi kufanywa kutoka Kilwa hadi Mtwara, na nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi ya mizani, kalamu inaniwasha. Siku ya tatu ya matanga nikaketi nikaandika waraka, kwa lugha ileile niliyoiona kwenye barua za serikali: kwamba sisi ukoo wa marehemu Ismaili Mkwanda tumemkabidhi Bwana Likwata Chitanda wa Nyangao nyumba hii na vyote vilivyomo, kuanzia leo na daima, nasi tutakaa humo kwa hisani yake. Hakuna kituo kilichokosea. Wazee wanne wa ukoo wakatia dole gumba huku wakigaragara. Mwahija akatia. Mimi nikaweka saini, na kwa kunogesha nikaweka na dole gumba. Halafu nikatoa mfukoni mhuri wa ghala niliouazima bila kuomba, nikaugonga chini kabisa, wino wa zambarau: IMEPIMWA NA KUKUBALIWA.

Siku ya arobaini ilikuwa zamu yao kuukomboa. Walimfunga jogoo kabisa. Lakini Mwahija akamwachia jogoo, akasema mbele ya watu: "Kaa na nyumba yako, mtani, upate sababu ya kurudi." Waraka ukabandikwa ukutani sebuleni. Kila nikija Kivinje aliniuliza kama nimekuja kudai kodi.

Ule ndio waraka uliokuwa mbele yangu, umelazwa kwenye kitambaa cha mahameli kama mtoto mchanga. Kwenye kibao kidogo pembeni waliandika: "Hati ya uhamisho wa umiliki, ikiwa na mhuri rasmi."

Utani ule nilikuwa nimeuandika vizuri mno.

*

Na kile kifo? Hicho nacho ni changu. Mwaka 1971 nilimtuma mtu kutoka Sudi awaambie watu wa Kivinje kwamba nimemezwa na papa mzima-mzima, kofia tu ndiyo imerudi. Nilitaka kuona kama Wamatumbi wanajua kumwomboleza Mmwera. Wakaweka matanga. Siku ya tatu nikaingia, nikaketi mkekani, nikala. Watu walicheka mpaka mmoja akazirai. Mwahija hakucheka. Alikuwa amenyoa nywele. Alinyanyuka, akaleta ndoo ya maji yaliyooshewa vyombo, akanimwagia kuanzia kichwani, akarudi ndani.

Baada ya hapo nilikuja mara mbili, kisha sikuja tena. Inaelekea Kivinje ilikumbuka matanga, ikasahau ufufuo.

Nilitoka kwenye kundi la wageni, nikapita mlango wa nyuma, nikaruka kamba ya vigingi. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Amekonda. Nywele nyeupe.

"Hodi, Mwahija."

Hakuacha kukuna. "Nilijua utakuja. Mwenye nyumba lazima aje kuangalia nyumba yake."

"Sina habari na mambo haya. Nimeyaona leo."

"Walikuja mwaka jana kwa adabu. Bibi, tunahifadhi historia ya baba. Nikawapa reki, nikawapa samadari ya mama yangu. Wakaukuta waraka wako ukutani, wakaniomba waukopi. Waraka haukurudi, ilirudi barua." Akachomoa kwenye upindo wa kanga karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa. "Inasema ukoo uliitoa nyumba kwa Likwata, Likwata amekufa, hana mtu, kwa hiyo nyumba haina mwenyewe, wamekodishiwa wao. Mimi nimeambiwa niende kwa binti yangu Mwanasha, Songo Songo. Nikakae kwa mkwe."

"Hukuwaambia ni utani?"

"Niliwaambia, na kwamba papa hakukumeza. Wakaniuliza, bibi, hili ni dole lako? Nikasema ndiyo. Wakaandika." Sasa akaniangalia. "Uliwauzia?"

"Naapa, Mwahija."

"Usiape. Hata kiapo chako kina mkia."

Nilizaliwa mwongezaji, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Alinitazama kama mtu anayekagua samaki sokoni, anafunua shavu, ananusa.

*

Nikarudi mbele kwa hasira nikamtaka mkubwa wao. Aliitwa Modesti, mnene, mtaratibu, shati jeupe lisilojua jasho. Ofisi yake ilikuwa sebule ya Mzee, na meza alikuwa ameiweka dirishani, mgongo wake ukiwa umeielekea bahari.

"Mimi ndiye Likwata," nikamwambia. "Sijamezwa. Na ule waraka ni utani wa msibani."

Modesti hakushtuka. "Shikamoo, mzee wangu. Tangu tufungue nimewapokea wajomba wanane wa Mzee Ismaili. Wewe una nini cha kuonyesha?"

Nikamwonyesha dole gumba langu la kulia, lenye kovu lililopita katikati, mahali mnyororo wa mizani uliponikata mwaka 1965. Akamwita Cletus, wakanipeleka kulilinganisha na lile lililokuwa kwenye kioo. Tuliporudi, Modesti alikuwa amekuwa mtu mwingine. Soda ikaletwa, baridi hadi chupa inatoa jasho.

"Basi mambo yamekuwa mepesi," akasema. "Tulidhani nyumba haina mwenyewe, kumbe anaye, tena mzima. Hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa habari za utani. Utatia saini utupangishie. Wewe tutakupa chumba, hapo pembeni, na kiti barazani. Wageni wakija utawasimulia. Wazungu wanapenda sana mzee anayesimulia. Kila siku watu wapya, mzee wangu. Kila siku masikio mapya."

Sijui nani alimwambia. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto wako Dar, na wajukuu wakija likizo huanza kunyanyuka kabla sijafika kwenye chatu wa pili. Masikio mapya kila siku! Mtu mwingine ungemjaribu kwa kitu kingine. Mimi nilijaribiwa kwa hicho.

"Nipe mpaka kesho," nikasema. Na soda nikaimaliza.

Nilipotoka, Mwahija alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, mahali ambapo dirisha la sebule linaonekana lote.

"Ilikuwa baridi?" akaniuliza.

"Mwahija, nisikilize..."

"Nilikulilia siku tatu ukiwa umekufa kwa papa. Leo umefufuka kwa soda." Akaingia ndani, akasikika akisukuma komeo.

Sitawaficha. Nililala kwenye gesti ya karibu na soko, na kulipokucha nilikuwa nimekwisha kutunga hadithi tatu za kuwaambia Wazungu, moja ikiwa na ndevu za Mzee ndani yake. Kumbukeni, nilishaanza kuzitetea zile ndevu. Nilikuwa nimewaza kwamba kwa kweli hata Mzee angependa kuwa nazo. Nilikuwa nimewaza pia kwamba Songo Songo si mbali, kuna boti, na mama kukaa kwa bintiye si aibu. Hayo yote nilijieleza vizuri sana, nikajiamini, mimi ambaye watu wa Kilwa yote hawaniamini.

Nikaenda makumbusho mapema. Cletus alikuwa amechuchumaa barazani, brashi mkononi, anamalizia kibao kipya. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipoona kivuli changu akataka kukifunika, lakini mimi herufi nilizijifunza juu ya magunia yanayotembea mabegani mwa watu. Huwezi kunificha kibao kilichotulia.

CHUMBA CHA MJAKAZI.

"Kipi hicho?" nikauliza.

Akaichovya brashi tena kwenye rangi.

"Cletus. Chumba kipi?"

"Cha uani," akasema. "Kwa bibi. Akishahama." Akainuka, akafuta mikono kwenye tambara. "Mzee, niliwaambia huyu ni binti wa mwenye nyumba. Wakasema wageni watauliza kwa nini binti alikuwa akilala nyuma. Ni sisi tuliomhamishia nyuma. Mwaka jana. Tulihitaji samadari."

Nikakaa juu ya baraza. Maji yalikuwa yametoka, tope limejianika hadi kwenye mikoko, na kaa wadogo wanachungulia mashimoni. Nilifikiri juu ya uongo, somo ninalolijua. Nimesema papa kammeza mtu, nimesema chatu kapima kilo. Watu waliondoka kwangu na zaidi ya walichokuja nacho. Kile kibao kilikuwa uongo wa aina nyingine. Hakikuongeza. Kilimpunguza mtu, akiwa hai, akiwa anakuna nazi hatua ishirini kutoka hapo.

"Ile fremu inafunguka?" nikamuuliza Cletus.

Akanitazama. Akatazama dirisha la Modesti, ambaye alikuwa hajafika. Kisha akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ina misumari minne tu," akasema.

*

Karani wa mahakama ya mwanzo alikuwa Mmakonde wa Newala aitwaye Leonadi, aliyehamia miezi michache nyuma, kwa hiyo hakuwa amewahi kusikia hadithi yangu hata moja. Hilo lilinisaidia. Aliusoma waraka wote, akasikiliza habari za msiba, kanzu, mhuri, kofia iliyorudi kutoka kwa papa. Hakutabasamu popote.

"Mzee," akasema, "ukitaka kusema huu ulikuwa utani, utahitaji mashahidi waliocheka. Wako wapi?"

"Makaburini. Ila Mwahija."

"Huyo ndiye mdai, kicheko chake hakitoshi. Utabishana na kampuni miaka mitatu, na bibi anahama Ijumaa ijayo." Akaugeuza waraka, akautazama dhidi ya mwanga. "Lakini ukisema ni kweli, unahitaji dole gumba tu."

Nikaelewa. Kwa miaka ishirini na minane niliwaambia watu mambo ya uongo nikitaka yaaminiwe kama kweli. Sasa niliambiwa nichukue utani wangu bora kuliko wote, niuvue kicheko, niuapie mbele ya hakimu kwamba ni kweli. Nikaapa. Ndiyo asubuhi niliyomiliki nyumba ya Mzee Ismaili Mkwanda, dirisha pana na yote, kuanzia kama saa nne hadi saa sita kasoro. Sikuiangalia hata mara moja.

Modesti alifika akiwa amelowa jasho kwapani, mara ya kwanza. Aliposoma nilichokuwa nakiandikisha akaligeukia benchi nililokalia.

"Mzee, jana umekunywa soda yangu!"

"Niliinywa nikiwa marehemu."

Akamgeukia Leonadi, akasema waraka ule ni wa utani, kila mtu wa Kivinje anajua, bibi mwenyewe ameshasema. Leonadi akachukua kibao cha makumbusho ambacho Cletus alikileta pamoja na fremu, akamsomea taratibu: hati ya uhamisho wa umiliki, ikiwa na mhuri rasmi. Akamuuliza kama kampuni ina desturi ya kuwatoza watu kiingilio waje kuangalia utani. Modesti akaketi.

Kampuni iliondoka mwaka uliofuata, ikachukua vioo na picha ya bwana mwenye ndevu. Cletus alibaki Kivinje, akaoa, akafungua duka la vifaa vya shule. Vigingi vilikaa mchangani hadi vikaliwa na mchwa. Hayo ni ya baadaye, na yanasimuliwa haraka. Ninalolirudia kila mara ni lile la saa sita kasoro.

Mwahija aliitwa. Alikuja na buibui lake la kutokea, akaketi mbali nami, benchi lile lile lakini ncha ya pili. Leonadi akamsomea: kwamba mimi Likwata Chitanda, mwenye akili timamu, bila kushurutishwa, nimempa Mwahija binti Ismaili nyumba iliyoko ufukweni Kivinje, yeye na watakaomrithi, na sina dai juu yake leo wala baadaye. Mistari mitano. Sikuandika mimi; nilikataa kushika kalamu.

"Soma tena," akasema Mwahija.

Leonadi akasoma tena. Safari hii Mwahija alikuwa anatikisa kichwa kidogo kila penye kituo, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Aliposikia "bila kushurutishwa" akanigeukia, akanitazama mikono, akatazama mifuko ya koti langu, akatazama mlango kama kuna watu nje wanaongoja kuingia wakicheka. Hapakuwa na mtu. Nilitaka kumwambia neno, lolote, hata tusi la panya lingetosha. Lakini kila neno nililolipata mdomoni lilikuwa limeshatumika.

"Na wewe huchekeshwi na kitu?" akaniuliza.

"Sichekeshwi."

"Umeficha nini humo?"

"Sijaficha kitu, Mwahija."

Akamsogezea Leonadi karatasi kwa kidole kimoja, bila kuishika, kama sahani ambayo bado hujajua kama ina moto.

"Mwanangu, nisomee mara ya tatu. Pole pole. Na usimwangalie yeye."

Leonadi akasafisha koo, akaanza upya, neno baada ya neno. Mimi nikainamisha kichwa kwa heshima. Na alipofika mstari wa tatu nikajikuta nimetega sikio, shingo imesogea mbele, na mimi pia nautafuta mahali ulipofichwa ujanja.